Duka Chini, Makazi Juu: Grey Street ya Durban na Sheria Iliyogawa Ghorofa

Kaskazini mwa Durban, kwenye ufuo wa Umhlanga, yamejengwa tangu mwanzoni mwa karne hii majumba marefu yajulikanayo kwa jina la Pearls of Umhlanga. Chini kuna maduka na mikahawa. Ndani ya mradi huohuo kuna hoteli, na juu, ghorofa baada ya ghorofa, kuna fleti zinazotazama Bahari ya Hindi. Mkaazi wa hapo anaweza kununua mkate, kupokea mgeni, kula chakula cha usiku na kulala pasipo kuvuka barabara. Wauzaji wa majengo ya aina hii, Durban kama Dar es Salaam na Nairobi, huyasifu kuwa ni ubunifu wa zama zetu: makazi, kazi na starehe vyote mahali pamoja.

Historia ya Durban yenyewe haiyaungi mkono madai hayo. Mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kuelekea kusini, katikati ya jiji, kuna mtaa ambao watu wake waliishi juu ya maduka yao kwa takriban karne nzima kabla ya mnara wa kwanza wa Umhlanga kuchorwa. Mtaa huo uliitwa Grey Street. Tangu mabadiliko ya majina ya mwaka 2008 barabara yake kuu inaitwa Dr Yusuf Dadoo Street, ingawa wakazi wengi wangali wakilitumia jina la zamani. Insha hii inahusu majengo yake, na hasa inahusu tukio moja katika maisha ya majengo hayo ambalo wanahistoria wa usanifu huelekea kulipita haraka. Serikali ya utengano haikuubomoa Grey Street kama ilivyobomoa mitaa mingine ya nchi ile. Ilikuwa na njia nyingine: iliruhusu duka la chini liendelee, ikakataza kitanda cha juu. Iligawa jengo kwa ghorofa. Ndiyo maana nasema kwamba swali kuu la jengo la matumizi mchanganyiko halikuwa kamwe jinsi ya kuweka duka chini na nyumba juu, jambo ambalo fundi yeyote wa pwani aliliweza. Swali lilikuwa nani ana haki ya kulala juu ya duka, na kodi ya chumba hicho inakwenda wapi.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa ukale wa jambo hili. Neno duka ni dukkan la Kiarabu, ambalo lilienea Uajemi na Bara Hindi pia kabla ya kutua kwetu. Ghorofa ni ghurfa, chumba. Roshani imebeba ndani yake neno la Kiajemi lenye maana ya nuru. Wakfu ni mali iliyozuiwa isiuzwe ili mapato yake yahudumie jambo la kheri. Maneno manne haya yakiwekwa pamoja yanachora jengo zima: biashara kwenye usawa wa njia, chumba juu yake, dirisha linalotoa mwanga barabarani, na nia inayoeleza faida ni ya nani. Anayetembea Mji Mkongwe wa Unguja ameliona jengo hilo mara nyingi. Grey Street ni ndugu yake wa kusini, aliyelelewa chini ya sheria kali zaidi.

Mwanzo wa mtaa

Tarehe 16 Novemba 1860 meli iitwayo Truro ilitia nanga Durban ikiwa na watu 342 kutoka Madras, wa kwanza katika maelfu ya Wahindi walioletwa Natal kwa mikataba ya kazi katika mashamba ya miwa. Nyuma yao, kuanzia miaka ya 1870, walifuata wafanyabiashara waliojilipia nauli wenyewe, wengi wao Wagujarati. Miongoni mwa waliotangulia alikuwa Aboobaker Amod Jhavary, mzaliwa wa Porbandar aliyefika Natal kwa kupitia Mauritius. Mwaka 1881 yeye na wenzake walinunua kiwanja katika Grey Street kwa ajili ya msikiti. Mwanzoni ulikuwa nyumba ndogo tu ya matofali.

Mahali hapo palikuwa pembeni mwa mji wa wazungu, ambao biashara yake ilikaa West Street. Pembeni pakawa kitovu, na sababu mojawapo ni sheria. Mwaka 1897 bunge la Natal lilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyompa afisa wa manispaa uwezo wa kumnyima mtu leseni bila kulazimika kujieleza mbele ya mahakama. Haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua imemlenga nani, na Mohandas Gandhi, aliyekuwa amefika Durban mwaka 1893 kuitumikia kampuni ya Dada Abdulla, aliipinga kwa kalamu yake. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyetafuta duka West Street alikuwa akigonga mlango uliofungwa. Grey Street, ambako tayari kulikuwa na wenye ardhi wa Kihindi, ndiko alikoweza kujenga chake.

Alipojenga, hakuwa na uwezo wa kutenganisha kazi na makazi, wala hakuona sababu. Kiwanja kilikuwa kidogo na cha bei. Duka lililipa mkopo, fleti ya juu ilihifadhi familia, na vyumba vilivyobaki vilipangishwa kwa karani, mwalimu, mshonaji au binamu aliyeshuka juzi kutoka melini.

Umbo la jengo

Majengo mengi yaliyopo leo katika mtaa huo ni ya kati ya miaka ya 1920 na 1950, na mengi yana ghorofa mbili hadi sita. Si minara kwa kipimo cha Umhlanga, lakini kanuni yake ni ileile. Kwenye usawa wa njia, maduka yamepangwa bega kwa bega, membamba kwa mbele na marefu kwa ndani. Mbele yake paa la kibaraza limetandazwa juu ya njia ya miguu, hivyo mteja huweza kutembea mtaa mzima bila kuloweshwa na mvua wala kuchomwa na jua. Mji wa Durban una joto lenye unyevu kama miji yetu, na kibaraza hicho ni jambo la lazima, si pambo.

Kati ya duka na duka kuna mlango mdogo ambao mgeni huweza kuupita bila kuuona. Ndani yake mna ngazi. Ngazi hiyo ndiyo mpaka wa dunia mbili: anayebaki chini ni mteja, anayepanda ni jamaa, mpangaji au mgonjwa wa daktari mwenye kliniki ghorofa ya kwanza. Juu, fleti hutazama barabara kwa upande mmoja na uwanja wa ndani kwa upande wa pili. Uwanja huo huingiza hewa, hukusanya harufu za jikoni na kubeba sauti za watoto. Nguo huanikwa huko nyuma au juu ya paa, mbali na macho ya wapita njia.

Usoni mwa jengo, wajenzi walitumia mtindo uliokuwa ukitamba Durban nzima katika miaka ya 1930, yaani Art Deco, wenye mistari iliyonyooka, kona zilizoviringwa na mapambo ya plasta. Lakini katika Grey Street mtindo huo ulipewa lafudhi ya mahali. Kwenye kona huchomoza kuba ndogo. Mahali pengine pana mwezi mwandamo au nyota. Na kwenye ukuta wa juu kabisa, ambapo wenzao wa West Street waliandika majina ya makampuni, wenye majengo hawa waliandika majina ya ukoo na mwaka wa kujenga. Aboobaker Mansions ni mfano mmoja. Jina la ukoo juu ya paa lilikuwa zaidi ya majivuno. Katika nchi ambamo haki ya kumiliki ilipunguzwa kila baada ya miaka michache, maandishi hayo ya plasta yalikuwa hati iliyosomwa na kila mpita njia.

Katikati ya yote ulikua ule msikiti wa mwaka 1881. Ulipanuliwa kwa awamu, na minara yake iliyoongezwa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa wakati huo miongoni mwa vitu virefu kuliko vyote mjini. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba msikiti huo haukujitenga na soko. Ukuta wake wa barabarani ni safu ya maduka. Mwaka 1927 ulijengwa pembeni yake uchochoro wa maduka uitwao Madressa Arcade, unaounganisha Grey Street na Cathedral Road, njia iliyopewa jina kwa sababu ya kanisa kuu la Kikatoliki la Emmanuel lililo hatua chache tu kutoka hapo. Muumini hupita kwenye vitambaa, vyombo na manukato kabla ya kufika penye maji ya udhu. Kodi ya maduka na vyumba huingia katika mfuko wa wakfu, Juma Musjid Trust, na kutoka humo hulipa gharama za ibada na elimu. Hapa mchanganyiko wa matumizi ulikuwa na maana ambayo vijitabu vya mauzo vya leo havina: biashara ililipia kitu ambacho si biashara.

Ngazi isiyokuwa ya wote

Tusiupambe mtaa huu kuliko ulivyokuwa. Mwafrika wa Durban aliingia Grey Street kwa mlango wa duka, mara chache kwa mlango wa ngazi. Sheria za miji za mwaka 1923 na zile zilizofuata zilimtaka aishi katika mabweni ya wafanyakazi au kwenye vitongoji alivyotengewa. Katika Grey Street alikuwa mnunuzi, mchukuzi, mshonaji wa kuajiriwa, abiria wa basi. Stesheni ya mabasi ya Victoria Street ilimkutanisha kila jioni na Mhindi mwenye basi na Mhindi mwenye duka, nao wote watatu walikuwa chini ya serikali isiyompa yeyote kati yao kura yenye maana.

Tarehe 13 Januari 1949 ugomvi ulioanzia eneo hilo uligeuka kuwa machafuko ya siku kadhaa. Kwa hesabu rasmi walikufa watu 142: Waafrika 87, Wahindi 50, mzungu mmoja, na wanne ambao utambulisho wao haukujulikana. Jengo lenye duka chini na familia juu lilifichua siku hizo udhaifu wake: jiwe lililolenga kioo cha duka lilikuwa limelenga pia kitanda cha mtoto. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1948 ilidai kwamba machafuko hayo yalithibitisha kuwa jamii hazifai kuishi karibu. Mwaka uliofuata, 1950, ilipitisha Sheria ya Maeneo ya Makundi.

Wazanzibari wa Bluff

Kabla ya kuona sheria hiyo ilivyoitenda Grey Street, inatupasa kuvuka bandari hadi rasi ya Bluff, kwa sababu wakfu uleule ulikuwa na ardhi huko, na watu waliokaa juu yake wanatuhusu.

Juni 1873 Uingereza ilimlazimisha Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiteka majahazi baharini, na swali likawa wapelekwe wapi waliookolewa. Natal ilikuwa na njaa ya vibarua. Agosti 1873 manowari Briton iliwateremsha Durban watu 113, na hadi mwaka 1880 waliofikishwa kwa njia hiyo walizidi 500. Walipewa mikataba ya kazi ya miaka mitano, uhuru wa namna yake. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, na wengi wao walikuwa Waislamu au walisilimu baadaye. Durban iliwaita Wazanzibari, nao wakalichukua jina hilo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Waislamu wa Grey Street waliwapatia ardhi mahali paitwapo Kings Rest, chini ya dhamana ya wakfu. Hapo Wazanzibari walijenga nyumba zao, msikiti wao na makaburi yao, wakalima bustani zao na kukitunza Kimakua chao. Hapakuwa na ghorofa, lakini kanuni ilikuwa ileile ya mjini: ibada, riziki na makazi juu ya ardhi moja isiyouzwa.

Sheria ya mwaka 1950 ilitaka kila mtu awe na kundi, na kila kundi liwe na mahali. Wazanzibari waliwatatiza makarani. Kwa asili walikuwa Waafrika, kwa dini walisali na Wahindi, kwa jina walitoka kisiwa kilichodhaniwa kuwa cha Waarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliandikishwa rasmi kuwa Waasia wa aina nyingine. Uamuzi huo uliwaepusha na sheria za pasi, lakini ulikuwa na bei yake. Bluff ilitangazwa kuwa ya wazungu, na Waasia walitakiwa kwenda Chatsworth, kitongoji kipya kilichojengwa bondeni, mbali na bahari. Wazanzibari walipelekwa huko, katika nyumba za safu zilizochorwa na halmashauri, ambamo hapakuwa na duka, karakana wala shamba. Nyumba ilikuwa ya kulala tu. Kazi ilikuwa mbali, na nauli ya basi ikawa sehemu mpya ya bajeti ya kila familia.

Sheria inapogawa ghorofa

Grey Street ilikuwa mfupa mgumu zaidi. Ilikuwa na mali nyingi mno kuibomoa na iko karibu mno na mji wa wazungu kuiacha. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya 1950 hatima yake haikuamuliwa. Kutoamua huko kulikuwa nako namna ya utawala. Mwenye jengo asiyejua kama mwaka ujao atakuwa na haki ya kuwa na wapangaji hapaki rangi, habadilishi mabomba, haongezi ghorofa. Uzee wa majengo ya Grey Street ambao wageni wa baadaye waliudhani kuwa uvivu wa wenyeji ulipandwa miaka hiyo.

Uamuzi ulikuja mwaka 1973. Eneo lilitangazwa kuwa la Wahindi kwa biashara pekee. Kuuza kuliruhusiwa, kuishi hakukuruhusiwa. Mwaka huohuo, mwezi Machi, moto uliteketeza soko la zamani la Wahindi la Victoria Street, hivyo mtaa ulitikiswa chini na juu kwa wakati mmoja.

Tafakari kilichoamriwa. Serikali ilitazama jengo la ghorofa tatu na kuona vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Duka lilikuwa na manufaa kwa uchumi wa jiji, na kodi yake ilitakiwa. Familia ilikuwa na watoto, na watoto wangedai shule, mabustani, hospitali na, siku moja, kura. Biashara bila wakazi ni biashara isiyodai kitu baada ya saa kumi na moja jioni. Mpango huo ulimtaka Mhindi aje mjini asubuhi kutoka Chatsworth, afungue duka lililo katika jengo lenye jina la babu yake, na jioni apande basi kurudi, akiziacha nyuma fleti tupu.

Haukutekelezeka wote. Wakazi walikuwa wengi, upinzani ulikuwa mkali, na nyumba za kuwahamishia hazikutosha. Wengine waliondoka, wengine walibaki kwa hofu ya kila mwezi. Katika miaka ya 1980 serikali iliirudisha haki ya kuishi hapo. Lakini majengo hayarudi nyuma kirahisi kama matangazo ya gazeti la serikali. Familia zilizokwisha kuhama zilikuwa zimepeleka watoto shule za Chatsworth na kuzika wazee huko. Fleti nyingi zikawa bohari za maduka, na ngazi nyingi zikafungwa kwa kufuli.

Kioo cha Dar es Salaam

Msomaji wa Afrika Mashariki ataikumbuka hapa historia ya kwao. Dar es Salaam ya Waingereza nayo iligawanywa katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya majengo, ambacho kwa vitendo kilikuwa kigezo cha rangi. Kanda ya kati, Uhindini, ilikuwa ya duka chini na makazi juu, kwa umbo linalofanana sana na la Grey Street, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja uliachwa kuitenganisha na Kariakoo ya Waafrika. Huko nako majina ya ukoo na miaka ya ujenzi yaliandikwa juu ya milango.

Mwaka 1971, miaka miwili kabla ya tangazo la Durban, serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kutwaa majengo. Majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambayo yalikuwa yakipangishwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa waliopoteza walikuwa Waasia, na baadhi walihamia Uingereza na Kanada. Wasomaji wa jarida hili walioko huko huenda ni watoto au wajukuu wao. Wapo wanaoziweka sheria hizi mbili katika kapu moja. Mimi naziona kuwa zinauliza maswali mawili tofauti juu ya jengo la aina moja. Pretoria iliuliza nani alale juu, ikajibu kwa rangi ya ngozi. Dar es Salaam iliuliza kodi ya juu iende kwa nani, ikajibu kwa itikadi ya kupinga unyonyaji. Katika vyumba vilivyotwaliwa mpangaji wa rangi yoyote aliweza kuishi. Tofauti hiyo ni kubwa kimaadili. Hata hivyo matokeo kwa plasta yalikaribiana: mwenye nyumba asiye na uhakika na mpangaji asiye na hisa wote wawili hawatengenezi paa.

Wakfu mahakamani

Baada ya 1994 sheria za rangi ziliondoka, na Grey Street ikapata wakazi wapya, Wazulu wa mjini pamoja na wahamiaji kutoka kaskazini. Karibu na kanisa la Emmanuel kituo kilichopewa jina la Askofu Mkuu Denis Hurley huhudumia wakimbizi na wasio na makao. Kiswahili cha Kongo na cha Burundi ni miongoni mwa lugha zinazosikika katikati ya jiji hilo.

Uhuru haukuondoa mvutano uliomo ndani ya majengo yenyewe. Shule ya msingi ya Juma Musjid, shule ya serikali, ilikuwa ikifundisha katika jengo la wakfu. Wadhamini walilalamika kwamba idara ya elimu haikuwa na mkataba nao wala haikulipa ilichopaswa kulipa, wakapata amri ya Mahakama Kuu ya kuiondoa shule. Wazazi na walimu wakakata rufaa. Mwezi Aprili 2011 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu inayotajwa hadi leo katika vitabu vya sheria: mwenye mali binafsi hana jukumu la kuwapa watoto elimu badala ya serikali, lakini ana wajibu wa kutoizuia haki yao isipokuwa kwa sababu za msingi, na amri ya kuwaondoa haingesimama kabla ya kujulikana watoto watapelekwa wapi. Wanafunzi walipopatiwa shule nyingine, wakfu uliruhusiwa kurudishiwa jengo.

Kesi hii ina uzito kwa mjadala wetu kwa sababu ilikataa fikra ya mwaka 1973. Mahakama haikulitazama jengo kama rundo la ghorofa zinazoweza kutengwa kila moja na hatima yake. Iliuliza nini hutokea kwa watu wa ndani pale mwenye mali anapotumia haki yake. Pia ilionyesha kwamba wakfu si jibu la kila kitu: mfuko uliojengwa ili biashara ihudumie elimu ulijikuta mahakamani ukivutana na shule.

Kipimo cha mnara

Turudi sasa Umhlanga. Pearls of Umhlanga haina mlango ulioandikwa rangi, na sheria ya nchi haimzuii yeyote kununua fleti humo. Kinachochuja ni bei. Mhudumu wa mkahawa wa chini na msafishaji wa hoteli huja asubuhi kwa usafiri wa umma na kuondoka usiku kurudi vitongoji ambavyo ramani yake ilichorwa na sheria ya mwaka 1950. Kazi yao imo ndani ya mnara, makazi yao hayamo. Kwa jicho la mchoraji, jengo hilo ni la matumizi mchanganyiko. Kwa jicho la mtu anayefanya kazi humo, ghorofa zingali zimegawanywa, na mstari wa mgawanyo unapita karibu palepale ulipopita Grey Street mwaka 1973, kwenye mguu wa ngazi.

Miji ya bandari ya mwambao wetu imo katika kasi ya kujenga minara ya aina hii, na mabishano yanayosikika ni ya urefu, maegesho, vioo na mandhari ya bahari. Grey Street inatupa maswali mengine ya kuuliza mbele ya mchoro wowote mpya: mlango wa ngazi uko wapi na nani anao ufunguo, anayeuza chini aweza kulala juu, na kodi ikishakusanywa, inalipia nini zaidi ya ghorofa inayofuata. Wazee wa Juma Musjid waliyajibu kwa safu ya maduka ukutani mwa msikiti na kiwanja cha Kings Rest kwa waliotoka utumwani. Majibu yao yalikuwa na mapungufu, kwani ngazi zao hazikupandwa na kila mtu. Lakini yalikuwa majibu, na yaliandikwa katika hati ya wakfu, mahali ambapo mjukuu angeweza kuyasoma na kuyadai.

Leo katika Dr Yusuf Dadoo Street baadhi ya zile ngazi zimefunguliwa tena. Majina ya koo yangali juu ya kuta, herufi nyingine zimebanduka, na chini yake kengele za milango zina majina ya watu wa kila upande wa bara hili.